Paneli, sufu ya mawe au foili? Cha kununua kwa chumba cha uani Dar

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu vyumba vya uani yanafanana mno. Mtu kajenga ofisi ndogo nyuma ya nyumba kwa paneli, yaani mabati mawili yenye povu katikati, imesimama haraka, kiyoyozi kidogo kinatosha, kila mgeni anasifia. Masika yakipita mara mbili hivi, anaanza kuona punje nyeupe sakafuni, chini ya dirisha. Anafagia, kesho yake zipo tena. Dada mmoja wa Mbezi alinitumia picha: punje zimejipanga mstari chini ya fremu ya alumini, na sisimizi wanaingia na kutoka kwenye ufa ambao hata ukucha haupiti. Zile punje ni povu la ndani ya ukuta wake. Sisimizi hawalili, wanalichimba wapate pa kutagia.

Ndiyo maana hapa sipangi kwa unene wala kwa rangi. Unene utaambiwa na kila muuzaji kabla hujauliza. Mimi naangalia kingo: pale fundi anapokata, ile sehemu ya ndani inabaki wazi kwa nani? Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, urefu wa ukuta mita 2.4, mlango mmoja na madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2. Jumlisha chini, juu, kona nne, mlango na madirisha, unapata zaidi ya mita 50 za kingo. Zote hizo ni njia ya sisimizi, panya, maji ya mvua na hewa ya moto, na kwenye bei uliyotajiwa dukani hazimo.

Namba moja kwangu ni ukuta wa fremu uliojazwa sufu ya mawe, bati nje, bodi ndani. Dukani wengi huiita rockwool hata kama haikutengenezwa na kampuni ya Rockwool. Ni mwamba ulioyeyushwa ukasokotwa kuwa nyuzi: hauliwi na mchwa, hauwaki, na unastahimili joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ukiikata vibaya, unakata kipande kingine kikubwa kidogo, unakisukuma kinabana chenyewe. Nunua ya vipande vigumu, si ya kuviringishwa, maana ile laini hushuka ndani ya ukuta na kuacha pengo juu, mahali hasa ambapo joto la paa linaingilia. Fundi avae barakoa na glavu.

Adui wa sufu ni maji, na hapa video za Uingereza zinawaponza watu. Kule chumba cha bustani hupashwa moto wakati wa baridi, unyevu unatoka ndani kwenda nje, kwa hiyo wanatandaza nailoni upande wa ndani. Dar ni kinyume. Nje kuna joto na unyevu wa bahari, ndani umewasha kiyoyozi, basi unyevu unasukumwa kutoka nje kuja ndani. Ukiweka nailoni nyuma ya bodi kama walivyofanya wao, unyevu unagandia hapo, unageuka matone na sufu inalowa. Kizuizi cha unyevu kikae upande wa nje wa sufu, kisha uache nafasi ya hewa, kisha bati.

Na kwa bati mimi ni mtu wa ALAF, kiwanda cha mabati cha hapa Dar, sifichi. Simba Dumu yao imepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, na ninavyoona mimi inahimili hewa ya chumvi vizuri kuliko bati la zinki tupu. Chukua rangi ya kung'aa au nyeupe; bati jeusi juani linaweza kupita nyuzi 70, halafu unalipa umeme wa kupambana na rangi uliyoichagua mwenyewe. Ukinunua bati lolote, nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Geji 30 iwe karibu milimita 0.3, geji 28 karibu 0.4. Wapo wanaobandika "28" kwenye bati jembamba, wakijua mteja ataligonga kwa kidole na kuridhika.

Namba mbili ni paneli ya PU (poliyurethani), lile povu la rangi ya krimu. Kwa kuzuia joto haina mpinzani hapa: milimita 50 za PU zinafanya kazi ya milimita 80 hivi za EPS, lile povu jeupe la punje. Viungo vyake vya kiwandani vinaingiliana vizuri. Shida inaanza fundi anapotoboa dirisha. Akitumia grainda, cheche zinaunguza rangi na zinki pembeni, na kutu inaanzia hapo hapo. Mwambie akate kwa mkasi wa bati au jigi-so. Kisha kila ukingo uvikwe chaneli ya U, yaani bati lililokunjwa umbo la U, na uzibwe. Kwa kuziba sitaki silikoni ya bei poa, nataka Sikaflex, gundi ya kuzibia nyufa: inanyumbuka paneli ikitanuka na jua, na inapakika rangi. Mrija wa mililita 300, kwa mshipa wa milimita 6 kwa 6, unafika mita 8 hivi. Kwa mita 50 zetu ni mirija saba, kwa upande mmoja tu. Mafundi wengi huja na miwili. PU pia huwaka na moshi wake ni sumu, basi nyaya zote zipite kwenye bomba.

Ukiambiwa "hii ni PU", omba kipande kilichokatwa ukivunje kwa mkono. Kikiachia punje nyeupe, ni EPS.

EPS naiweka chini. Ni rahisi, nyepesi, na ndiyo iliyojaa malalamiko. Ukilazimika, pima uzito: mita moja ya mraba ya povu peke yake, unene wa milimita 50, isipungue gramu 750. Ikipungua hapo ni povu la kufungashia televisheni. Foili, ile karatasi ya kung'aa ya alumini, nayo inarudisha mionzi ya joto vizuri, mradi iachiwe nafasi ya hewa ya milimita 25 chini ya bati. Ikigusana na bati ni pesa ya bure. Kwa mwenye tofali zake tayari, foili na silingibodi vinatosha kuanzia.

Sasa bei. Unapigiwa hesabu ya paneli kwa upana mzima, wakati kiungo kinameza sehemu yake na ukuta unaofunika ni mdogo kuliko uliolipia. Chaneli, kofia za kona, skrubu na fleshingi (vipande vya bati vya kuzuia maji kwenye maungio) ziko kwenye karatasi nyingine, utakayopewa ukishalipa malipo ya awali. Halafu swali la risiti: "Na VAT au bila?" Kodi hiyo inatokea mwishoni kama vile ni hiari ya mteja. Inaniudhi sana, kwa sababu asiye na risiti hana pa kurudisha paneli yenye povu lililobanduka. Dai bei moja iliyoandikwa, yenye kingo zote na kodi ndani yake, na mita za kufunika zitajwe.

Ambaye sisimizi wameshaingia, asipulize dawa kwenye ufa. Wataibukia upande wa pili. Weka chambo ya jeli njiani mwao waipeleke kwenye kiota. Ziba baada ya punje kukoma kudondoka, si kabla.