Madaftari ya Joseph Grinnell mtandaoni: anza na shajara, usianze na orodha ya ndege

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi mtaalamu wa ndege alivyofanya kazi miaka 100 iliyopita, basi aende hapa. Makumbusho ya wanyama wenye uti wa mgongo ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yameyapiga picha madaftari ya mkurugenzi wao wa kwanza, Joseph Grinnell (1877–1939), na kuyaweka mtandaoni bure. Grinnell alishika uongozi mwaka 1908, makumbusho yalipoanzishwa kwa fedha za Annie Alexander, akaendelea mpaka alipofariki.

Uzuri wa madaftari haya uko katika mpangilio wake. Kuna shajara ya kila siku: njia aliyopita, hali ya hewa, mimea, ndege aliowaona. Kuna maelezo ya spishi, kila ndege na kurasa zake. Halafu kuna katalogi ya vielelezo, yaani wanyama waliokusanywa na kuhifadhiwa, yenye namba, jinsia na vipimo. Karatasi zenyewe ni za kuchomoa na kupachika, zimeandikwa kwa wino mweusi usiofifia. Angalia pambizo la kushoto: jina la mwandishi, chini yake mwaka. Juu ya ukurasa kuna jina la mahali. Hata karatasi ikichomoka, bado inajulikana ni ya nani, ya lini na ya wapi.

Wengi hukimbilia kurasa za spishi, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na shajara. Chagua jina la mwandishi, yaani Grinnell, kisha mwaka. Kwa Yosemite, hifadhi ya taifa ya California, tafuta kati ya 1914 na 1920. Soma siku nzima, andika pembeni mahali na tarehe, ndipo uende kwenye katalogi, na mwisho utafute namba ya kielelezo katika Arctos, hifadhidata ya mtandaoni ya vielelezo vya makumbusho. Ukifuata njia hiyo, mstari mmoja wa mwandiko unakufikisha kwa ndege aliyehifadhiwa kabatini mpaka leo.

Kasoro kubwa ni kwamba kurasa ni picha za mwandiko wa mkono, kwa hiyo kutafuta neno hakusaidii. Ni kufunua ukurasa baada ya ukurasa. Tarehe zimeandikwa Kimarekani, mwezi kabla ya siku. Umbali ni maili na mwinuko ni futi: zidisha futi kwa 0.3048 upate mita. Majina nayo yanatega. “Sparrow Hawk” wa madaftari haya ni Falco sparverius, kozi mdogo wa Amerika, wala si kipanga wa jamii ya Accipiter. Jina la Kilatini likiwepo, shika hilo, kisha hakiki kama limebadilishwa tangu wakati ule.

Kosa baya kuliko yote ni kudhani kwamba ndege asiyeandikwa hakuwepo. Huenda alinyamaza asubuhi ile, au matembezi yalikuwa mafupi. Ndiyo maana orodha zenye muda wa matembezi na hesabu ya ndege ni dhahabu tupu: zinamwezesha mtafiti kukadiria uwezekano wa ndege kukosa kuonekana ilhali yupo. Watafiti waliorudi katika maeneo 82 ya milima ya Sierra Nevada, California, walitumia hesabu za namna hiyo, na mwaka 2009 wakaonyesha kuwa spishi 48 kati ya 53 zilikuwa zimefuata hali ya hewa inayozifaa, ama kwa kuhamia maeneo mapya au kwa kutoweka katika ya zamani. Grinnell mwenyewe aliandika mwaka 1910 kwamba thamani ya kazi hii huenda ikaonekana baada ya karne. Hakukosea.

Kwa kazi ya uwandani, huduma hii ni bora kabisa. Kwa maisha yake binafsi haitoshi. Shajara haimweki mwandishi mbele. Ni mahali, mnyama, saa. Anayetafuta barua na karatasi zake nyingine atazikuta Maktaba ya Bancroft, hapohapo Berkeley, na itambidi ajisajili na kuagiza makasha mapema kabla ya kusafiri. Abebe penseli, maana kalamu ya wino haiingii katika chumba cha kusomea.