6 Minute English ya BBC darasani: maoni ya mwalimu wa jioni, Moshi

Wadau mnaofundisha kiingereza mtaani, hii nawaandikia nyie zaidi kuliko wanaojisomea wenyewe nyumbani. Kila mtu akiuliza afundishie nini watu wazima wasio na hela ya vitabu anajibiwa "wasikilizishe BBC", basi, hakuna anayesema unawasikilizishaje. Mie natumia 6 Minute English ya BBC Learning English kwenye darasa langu la jioni hapa Moshi. Wanafunzi wangu wengi ni wagumu, yani wale wanaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na wapishi wa huko huko mlimani, na karibu wote wanataka siku moja wawe waongozaji. Mlima wanaujua hata usiku wa manane, kinachowakwamisha ni mdomo.

Kwa asiyekijua, ni kipindi cha sauti cha dakika kama sita, watangazaji wawili wanaongelea mada moja, mwanzoni mmoja anamuuliza mwenzake swali lenye majibu matatu a, b, c, katikati wanaweka kipande cha mtaalamu anaongea, wanafafanua maneno sita na mwishoni wanatoa jibu la lile swali alafu wanayapitia tena yale maneno. Kinatoka kila wiki, ni bure, sauti unashusha na maandishi yake unashusha kwa PDF. BBC wanafundisha kiingereza redioni tangu 1943 so hawa sio watu wa kubahatisha, sauti ni safi na watangazaji wanatamka vizuri bila kuwa kama wanamsomea mtoto.

Sasa kabla hujakimbilia kushusha, angalia darasa lako kwanza. Hiki ni cha watu wa kati. Mtu ambaye bado anahangaika kujitambulisha ukimwekea hiki unamkatisha tamaa tu, atakaa kimya na wiki ijayo humuoni. Kwa wanaoanza ni bora VOA Learning English ya redio ya Sauti ya Amerika, wale Wamarekani walianza Special English yao 1959 wakiwa na orodha ya maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi na usomaji wa taratibu, na wana kozi ya Let's Learn English ambayo ngazi ya kwanza ina masomo 52 ya dada mmoja anaitwa Anna. VOA ilisimamishwa Machi 2025 kwa hiyo hapo tunaongelea vitu vya zamani, ila salamu na kuuliza njia havijabadilika.

Turudi kwa hawa wa dakika sita. Walimu wengi wanaweka spika mezani, wanapiga kipindi chote toka mwanzo hadi mwisho, wanauliza "mmeelewa?", darasa zima "yes teacher", wanaendelea na grama. Hapo hujafundisha, umepiga redio. Mtu mzima aliyetoka kazini hawezi kusikiliza dakika sita za lugha ngumu bila kazi ya kufanya, kichwa kinaenda kwenye kodi ya nyumba.

Mie naanza na lile swali la a, b, c peke yake. Napiga dakika ya kwanza, nasimamisha kabla mtangazaji hajajibu, kila mtu anachagua na naandika majina ubaoni chini ya herufi yake. Hapo kelele inaanza maana wagumu wanapenda ubishi kuliko kitu chochote, na kubishana kwenyewe inabidi iwe kwa kiingereza, "I think it's b because...", hata kama baada ya because anaweka maneno mawili tu na mikono. Kuanzia hapo wote wana sababu ya kusikiliza mpaka mwisho, wanataka kujua nani kashinda. Hilo swali moja tu ni dawa kubwa kuliko zile kurasa zote za maswali ya ufahamu.

Alafu lile ambalo naona watu wengi wanalipita: yale maneno sita sio dhahabu ya hiki kipindi. Mara nyingi ni maneno ya mada ya siku hiyo, mengine ni misemo ambayo mpishi wa Machame hataitumia maisha yake yote. Dhahabu iko kwenye vijineno ambavyo watangazaji wanapeana wao kwa wao, vile ambavyo hawavifafanui kabisa. "Really?" "Well, I'm not sure about that." "So, you mean...?" "I'm going to say c." Sikiliza wanavyopokezana, wanavyokataa bila kumvunja mwenzake moyo, wanavyojipa mda wa kufikiri. Wanafunzi wetu msamiati wanao, wengine wametoka form four, lakini wakiongea na mgeni wanaongea kama wanajibu mtihani, sentensi moja alafu kimya. Kwa hiyo nikiwa nyumbani nasikiliza kwanza na daftari, nachukua vijineno vitano hivi vya aina hiyo, navyo ndo somo.

Mfano. Kazi moja ya mwongozaji ni kukagua wageni jioni kambini, anapita hema kwa hema na kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni, anauliza kichwa, chakula, usingizi. Tunaigiza hiyo. Mmoja ni mgeni yuko kambi ya Barafu, kichwa kinapasuka na usiku huu ndo wa kwenda kileleni, ameshalipa hela nyingi na hataki kusikia habari ya kushuka. Mwanafunzi wangu bila kufundishwa anamwambia "You are sick. You go down." Grama haina shida sana, ujumbe umefika, ila mgeni hapo anakasirika na ubishi unaanza mita 4,600 juu. Sasa tunachukua vile vijineno vya watangazaji tunavileta hemani: "I see. Well, I'm a bit worried about your headache. I think we should go down." Mara ya tatu kuigiza wanabadilishana, mgeni anakuwa mkorofi zaidi, anasema ana dawa, anasema jana ilikuwa hivyo hivyo ikapona. Hapo unaona mtu anatafuta maneno kweli kweli, na hapo ndo lugha inaingia.

Matamshi. Hapa kipindi kinasaidia sana ukikitumia vipande vidogo. Sisi kiswahili chetu mkazo uko silabi ya pili toka mwisho, karibu siku zote, kwa hiyo mtu anabeba tabia hiyo hiyo kwenye kiingereza, comfortable inakuwa "komfotébo", na silabi zote zinatamkwa kwa uzito mmoja. Chukua sekunde kumi tu za mtangazaji, darasa liongee naye pamoja, juu yake, wakimfuata kama kivuli, mara nne mara tano. Wasijali maana kwa mda huo, wafuate mdundo. Na irabu za kujiongezea, ile sleeping bag inakuwa "silipingi begi", usizipigie kelele zote, shughulika na zile zinazoharibu maana tu. Mwongozaji akishindwa kutofautisha live na leave mgeni bado atamwelewa kutokana na mazingira, lakini akisema fifteen ikasikika fifty kwenye dakika za kupumzika, hapo kuna shida.

He na she nayo ni vita ya kudumu, kwenye kiswahili zote mbili ni "yeye", kwa hiyo mtu anajua kanuni vizuri tu na bado anasema "my wife he is in Marangu". Kumkatisha kila akikosea haisaidii, anaacha kuongea. Naandika makosa kwenye karatasi wakati wanaigiza, mwisho naweka sentensi tano sita ubaoni bila jina la mtu, wanazirekebisha wenyewe wawili wawili. Na jamani acheni ule ukali wa kukataza kiswahili darasani, ile ya shule za zamani za kuvalishwa kibao shingoni, maelekezo ya zoezi toa kwa kiswahili dakika moja ili mda wote uliobaki waongee kiingereza, kuliko kutumia dakika kumi kuigiza kwa mikono ili waelewe neno "pairs".

Mapungufu yapo. Mada nyingi zinamwangalia mtu wa mjini Ulaya, inabidi uchague, vyakula, usingizi, hali ya hewa na safari zinaenda vizuri na wangu. Kile kipande cha mtaalamu ni kigumu kuliko sehemu nyingine zote, anaongea kasi ya kawaida ya maisha, wengine na lafudhi zao, kwa hiyo siku nyingine nakiruka kabisa bila aibu. Na watangazaji wanasoma kitu kilichoandikwa, hawakatishani wala hawagugumii kama watu wa kweli, so mtu akizoea hawa peke yao atashangaa siku akikutana na mzee wa Texas.

Kuhusu maandishi, kwenye ile PDF wenyewe wameandika kwamba sio neno kwa neno na kile kinachosikika. Watu wanalalamika, mie naipenda. Nawapa karatasi watafute wapi sauti na maandishi havilingani, wanasikiliza kwa makini kuliko siku nyingine zote maana wanaona kama wameikamata BBC.

Nikipewa nyota tano nakipa nne, kwa bei ya bure nisingedai zaidi. Shusha sauti ukiwa na WiFi uiweke kwenye simu, usitegemee bando darasani, na nunua spika ndogo ya bluetooth maana simu peke yake watu wa nyuma hawasikii kitu. Maandishi toa kopi nusu ya darasa, karatasi moja watu wawili, wakiwa na moja moja kila mtu anainama kwake na hakuna anayeongea.