Nyamisati hadi Kilindoni kwa boti: chagua maji kabla ya chombo

Kwa anayetoka Dar es Salaam akitaka kuiona pwani ambayo bado ni pori, safari ya Nyamisati kwenda Kilindoni, Mafia, naipa nyota nne kati ya tano. Nimeipanda kwa kivuko, kwa boti ya faiba na kwa mashua ya tanga, wakati wa kusi (upepo wa kusini, katikati ya mwaka) na wa kaskazi (upepo wa kaskazini, mwisho na mwanzo wa mwaka). Nyota ya tano naikata kwa sababu moja: mawakala wa tiketi wanakutajia saa ya kuondoka kama vile ni basi la Morogoro, wakati saa ya Nyamisati huipanga bahari.

Gati liko ndani, kwenye mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko ya delta ya Rufiji. Maji yakipwa, unabaki mfereji mwembamba na mafungu ya tope huku na huku. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli, tazama mwezi. Pwani hii, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji makubwa: hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50, hivyo baada ya wiki, kwenye maji mafu, yaani maji madogo, yanajaa karibu saa nne asubuhi. Bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Maji mafu ni kama mita 1 tu.

Piga hesabu mwenyewe. Siku ya bamvua, boti ikipanda fungu, yaani ikikwama, saa moja asubuhi, maji bado yana saa tatu za kutoka. Ya kuwainua yatarudi mnamo saa saba mchana, na mbu wa mikoko hawana likizo. Ikipanda fungu hilo hilo maji yakiwa yanajaa, mnasubiri robo saa, inaelea. Ndiyo maana napendelea siku ya maji mafu, kuondoka saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yanapanda. Manahodha wengine hawaipendi saa hiyo, kwani wanatoka wakipingana na mkondo na petroli inakwenda zaidi. Lakini mnafika mlango wa Mafia, bahari iliyo kati ya delta na kisiwa, kabla upepo wa mchana haujaamka, na huko ndiko kwenye mawimbi.

Kutoka gati hadi Kilindoni ni kama kilomita 40 ukipiga mstari ulionyooka. Boti ya faiba hutumia saa moja na nusu hadi mbili bahari ikiwa shwari. Kivuko ni cha polepole ila kinatulia, na mwenye watoto, mzee au gari asitafute kingine. Mashua ya tanga ni ya mwenye siku za kupoteza. Ni nzuri mno kaskazi, na kusi ni adhabu. Ndege ndogo kutoka Dar inachukua kama nusu saa, ila delta utaionea dirishani tu.

Ukiamua faiba, usipande kwanza. Simama gatini uiangalie ikishapakia. Toka usawa wa maji hadi ukingo wa juu, kama haufiki dhiraa moja (kiwiko hadi ncha ya kidole), subiri nyingine. Nyuma ziwe mashine mbili, kila moja na tangi lake na mpira wake wa mafuta. Mbili zinazonyonya dumu moja ni sawa na moja: petroli ya dumu ikiingia maji, zinazimika pamoja. Zikiwashwa, tazama kijimshipa cha maji kinachoruka nyuma ya kila mashine. Hayo ni maji ya kupozea. Boti ikipita kwenye tope, propela inalivuruga, tundu la kunyonya linaziba kwa tope au kipande cha nailoni, na kile kijimshipa kinakonda halafu kinakatika. Nahodha anayegeuka kukiangalia kila baada ya muda anajua kazi yake. Asiyegeuka kabisa atalijua tatizo kwa harufu ya mpira unaoungua.

Jaketi okozi livae likiwa bado gatini, ufunge vifungo vyote, kisha mtu akuvute mabegani. Likipanda hadi masikioni si saizi yako. La mtoto uliza kabla ya kulipa. Boti moja ya karibuni, jina naliacha, ilikuwa nayo ya kutosha, yote yamefungwa kamba chini ya magunia ya vitunguu. Hakikisha pia jina lako limeandikwa kwenye daftari la abiria. Na tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitaja mawimbi ya mita 2, ahirisha: MV Skagit, meli ya abiria ya Dar kwenda Zanzibar, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi ikiwa imepamba moto, na ilikuwa kubwa kuliko faiba yoyote ya Nyamisati.

Mahali pa kukaa: kati kuelekea nyuma, kamwe si omo (mbele kabisa), ambako kila wimbi linakupiga kiunoni. Kwenda Mafia wakati wa kusi, upande wa kulia ndio joshini, unakotoka upepo, unaloa, kaa kushoto. Kaskazi ni kinyume chake, na kurudi unageuza tena. Dawa ya kichefuchefu meza saa moja kabla, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Mzigo funga ndani ya kiroba cha nailoni kisha ndani ya begi. Vaa ndala, kwani boti ndogo ikikuta maji yamepwa Kilindoni unaweza kushukia majini.

Kutoka Dar, mabasi yanaanzia Mbagala Rangi Tatu na kuiacha barabara ya Kilwa pale Bungu. Tenga saa nne, na kama boti ni ya asubuhi, lala Nyamisati.

Delta yenyewe ndiyo nyota zote. Nusu ya kwanza ya safari weka simu mfukoni: kwanza mikandaa na mikoko yenye mizizi kama miguu ya kaa, halafu kadiri mnavyoikaribia bahari wazi, mililana, aina nyingine ya mikoko, inasimama peke yake majini. Viboko wapo. Ukitaka kuona na papa potwe, wale papa wakubwa mno, nenda kati ya Oktoba na Machi. Wanazunguka upande wa Kilindoni, nje ya hifadhi, kwa hiyo kiingilio cha Hifadhi ya Bahari utadaiwa tu ukienda Utende, kijiji kilicho ndani ya hifadhi. Tiketi ya kurudi usiikate Dar. Ikate Kilindoni, ukishajua maji ya siku hiyo yanajaa saa ngapi.