Chemka kwa pesa ya kibubu: maji nyota tano, chipsi nyota moja

Nianze na hesabu, maana mimi nauza mitumba pale Memorial, Moshi, na kitu nisichokijua bei sikiamini. Jumapili nzima Chemka, ile chemchemi ya kuogelea upande wa Boma Ng'ombe, mimi, baba watoto na watoto wawili, tumetumia 72,000. Hapo ni nauli kwenda na kurudi, kiingilio, tyubu mbili za kukodi, chipsi na soda. Zote zimetoka kwenye kibubu cha matembezi. Ndiyo, tuna vibubu viwili, na hicho cha matembezi kina historia yake.

Kabla ya 2020 nisingekwenda. Baba watoto ni mpishi wa mlimani, na Chemka kwetu ilikuwa jina la mahali wageni wake wanapopelekwa kuloweka miguu wakishashuka Kilimanjaro. Sisi matembezi yetu yalikuwa mamoja tu: Desemba tunapanda Marangu kwa mama mkwe, mbuzi anachinjwa, tunarudi na mkungu wa ndizi.

Machi 16, 2020 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, tena hapo Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Aprili ndege za kimataifa zikazuiwa, uwanja wetu wa ndege wa KIA ukawa kimya. Ndege ziliruhusiwa tena Mei, lakini wageni wenyewe hatukuwaona. Safari mbili za baba watoto zilifutwa kwa simu, na buti zake zikakaa chini ya kitanda mpaka zikaota ukungu. Mimi nilibaki na robota la makoti ya baridi. Nani anunue koti la kupandia mlima wakati mlima hauna mtu?

King'amuzi tulikikata wiki ya kwanza. Nyama ikawa ya Jumapili, mboga na ndizi tukawa tunafuata kihambani, shamba la familia. Kilichopanda ni sabuni, malimao na tangawizi ya kujifukizia, na ile ndoo ya koki ambayo mpaka leo iko mlangoni. Hapo ndipo nilipochongesha kibubu cha dharura. Cha pili alikileta mtoto mdogo kwa swali lake. Alikuwa nyumbani mpaka mwisho wa Juni, amechoka kuuangalia ukuta wa jirani, akaniuliza, "Mama, kwani wageni wa baba huwa wanakuja kuangalia nini huku kwetu?" Sikuwa na jibu. Nikachongesha kibubu kingine.

Sasa Chemka yenyewe. Unashuka Boma Ng'ombe, kutoka hapo ni bodaboda au bajaji kwenye vumbi tupu. Vaa nguo usiyoionea uchungu. Unapita nchi kavu hadi unaanza kudhani dereva amepotea, ghafla miti mikubwa, mizizi imening'inia, na chini yake maji ya bluu. Wanaita maji moto, lakini ni vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Ni maangavu kiasi kwamba nilihesabu kucha za miguu yangu nikiwa nimesimama ndani. Vijana wanarukia kwa kamba kutoka mtini; wangu niliwakatalia. Pana kina, na mtoto asiyejua kuogelea asiachiwe hata akiwa na tyubu.

Halafu kuna visamaki vinavyodonoa ngozi ya miguu. Mdogo alipiga yowe watu wote wakageuka. Baba watoto yeye hajui kuogelea, akakaa ukingoni akatumbukiza visigino vyake vilivyopasuka kwa miaka ya mlimani. Samaki wakamjaa. "Hawa leo wamepata kazi ya mwezi mzima," anasema, hataki kutoka.

Lawama yangu ni chakula. Kibanda nilichoagiza chipsi kilinikalisha saa nzima na robo. Mgeni wa kizungu akafika nyuma yangu, akapewa sahani mbele yangu.

"Dada, mbona huyu amenikuta hapa?"

"Vumilia mama, yule gari linamsubiri."

"Na mimi bodaboda ananisubiri!"

Akacheka, akarudi jikoni. Chipsi zilipokuja zilikuwa zimelegea kwa mafuta na hazina hata chembe ya chumvi. Nilitamani kumuuliza, ule mwaka magari hayakuja kabisa, ungemkaangia nani kama si sisi wa Hiace? Nikanyamaza, njaa ilikuwa inauma.

Kwa mwenye familia ningesema nenda, ila fika asubuhi. Kuanzia saa saba mchana watu wanajaa na maji yanatibuka. Tyubu patana bei kabla hujaishika.

Kibubu sasa hivi kina 9,000. Safari ijayo nabeba hotpoti ya pilau, na chumvi yangu mwenyewe.