Mita ya kuchomeka kwenye soketi: uniti inapima vizuri, hesabu ya pesa fanya mwenyewe

Ni kisanduku kidogo chenye plagi nyuma na soketi mbele. Unakichomeka ukutani, unachomeka friji au runinga juu yake, na skrini inakuonyesha wati zinazotumika wakati huo na uniti (kWh) zilizokusanyika. Hapa tunazungumzia ile ya volti 230 yenye vitufe FUNCTION, COST, UP, DOWN na RESET. Inauzwa kwa majina mengi, lakini ukiijua moja umezijua karibu zote.

Thamani yake iko kwenye uniti, si kwenye wati. Wati za birika unaweza kuzisoma kwenye kibandiko chake: 2,000 kwa dakika 6 ni uniti 0.2, basi. Friji haihesabiki hivyo. Kibandiko kikisema wati 120, ukizidisha kwa saa 24 unapata uniti 2.88 kwa siku, na jibu hilo si la kweli kwa sababu kompresa huwaka na kuzimika. Ikifanya kazi theluthi moja tu ya muda, ni uniti 0.96. Theluthi hiyo huwezi kuikisia: joto la jikoni, mpira wa mlango uliolegea na chakula kilichoingizwa kingali moto vyote huibadilisha. Iache mita saa 24 kamili, siku 3 ni bora zaidi, ugawanye uniti kwa siku na kuzidisha kwa 30. Anayepima saa moja ana hatari nyingine: friji zisizoganda barafu zina hita ya kuyeyusha inayowaka mara chache, na kipimo kifupi huikosa au huikuta na kukuza jibu bure.

Sehemu ya gharama ndiyo dhaifu. Bonyeza COST bila kuachia kwa sekunde 3 hivi hadi tarakimu zianze kumemeta. UP na DOWN hubadilisha, FUNCTION husogea kwenye tarakimu inayofuata. Tatizo ni kwamba nyingi zina nafasi mbili tu kabla ya nukta, yaani mwisho 99.99. Uniti inayouzwa kwa mamia haiingii. Gawa bei kwa 100 kabla ya kuiweka, kisha zidisha jibu kwa 100. Tena mita inajua bei moja tu. Kama bei yenu inapanda kwa ngazi, tumia ya ngazi ya juu mnayofikia mwezi huo, pamoja na kodi zake, maana ukipunguza matumizi uniti za mwisho ndizo zinazopungua. Ada ya kila mwezi isiyobadilika iache nje. Utailipa hata ukizima kila kitu.

Usizidishe volti kwa ampea ukadhani umepata wati. Volti 230 kwa ampea 0.5 ni 115, lakini PF kwenye skrini (sehemu ya zao hilo inayotumika kweli) ikiwa 0.6, wati halisi ni 69, na hizo ndizo mita ya nyumba hutoza.

Mizigo midogo, yaani vifaa vinavyotumia chini ya wati 5 hivi, mita hizi huisoma vibaya. Chaja tupu inaweza kuonyesha sifuri. Chomeka runinga, king'amuzi na spika zikiwa zimezimwa kwa rimoti kwenye ekstensheni moja, kisha upime ekstensheni nzima. Wati 5 zisizozimwa mwaka mzima ni uniti 43.8.

Skrini ikijaa alama zisizoeleweka, au ikawa tupu kabisa, bonyeza RESET kwa ncha ya pini. Mara nyingi ni betri ndogo ya ndani iliyoisha chaji ikikaa kabatini. Kumbuka RESET inafuta uniti zote, kwa hiyo uwe unaandika vipimo mapema, skrini ikiwa bado inasomeka.

Usipitishe mzigo unaozidi ampea zilizoandikwa mgongoni, na usiweke adapta ya plagi katikati ukipima hita. Mguso uliolegea hupata moto, plastiki ikalainika. Baada ya dakika 10 gusa kisanduku: kikiwa cha moto, chomoa.

Hita ya maji, pampu na jiko vilivyoungwa moja kwa moja haviwezi kupita hapa. Tumia mita ya nyumba, ile yenye taa inayomweka na maandishi kama 1000 imp/kWh, yaani mimweko 1000 kwa kila uniti. Zima vingine vyote, washa kimoja, pima sekunde za mimweko 10, kisha zidisha namba ya imp kwa sekunde hizo, na ugawe 36,000,000 kwa jibu hilo. Kwa mita ya 1000, sekunde 12 ni wati 3,000. Mmweko unaoanzishia saa ya kupimia uhesabu sifuri. Ukiuita moja, jibu litazidi kwa asilimia 11.