Tahadhari: Kindle "mpya" ya Sh18,500 inayoletwa na bodaboda hapa Nairobi

Jamani, kuna mtu anauza Kindle Paperwhite, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, "mpya kabisa, haijafunguliwa" kwa Sh18,500 na anakuletea popote ulipo mjini. Usitume pesa kabla hujasoma haya. Mimi nimeshaliwa. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu halitakufaa kitu: tangu aninase amelibadilisha mara mbili, picha ni zilezile.

Nilikuwa namtafutia mama. Ni mwalimu mstaafu, yuko Machakos, na macho yake siku hizi yanakataa herufi za kitabu cha kawaida. Kwenye kifaa cha aina hii herufi unazikuza utakavyo, na skrini ya wino wa kielektroniki haichoshi macho kama ya simu. Nilizunguka Moi Avenue na Luthuli Jumamosi nzima. Simu ziko kila hatua, spika ndio usiseme, lakini ukiuliza Kindle mwenye kibanda anakutolea tableti. Ile Fire ya Amazon ilitoka 2011 ikiitwa Kindle Fire, neno Kindle likaondolewa 2014, ila wauzaji wetu habari hiyo haijawafikia. Ni tableti tu, skrini ya kung'aa kama nyingine zote. Wawili waliokuwa na Paperwhite yenyewe walitaka Sh22,000 na zaidi. Kwa hiyo tangazo la Sh18,500 lilipojitokeza usiku ule, maswali yote yalinitoka kichwani.

Alijibu upesi na kwa adabu. "Dada yangu, hiyo ni ya 2021, inchi 6.8, dhamana mwaka mmoja. Unalipa ukishaishika mkononi." Hilo la mwisho ndilo lililonilaza usingizi.

Jumatatu saa saba mchana kijana wa boda alinikuta Kencom. Sanduku limefungwa nailoni safi, kibandiko mahali pake. Nikampigia muuzaji kwamba nalipa kwa till aliyonipa, yaani namba ya M-Pesa ya duka. Ah, till ina shida leo, tuma kwa namba hii nyingine. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lake wala la duka. Kijana ameshawasha pikipiki, ana mzigo wa Westlands unamngoja, ananiangalia. Nikatuma.

Nikafungulia ofisini. Kitu cha kwanza kuanguka kilikuwa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, kilishindiliwa ubavuni ili kifaa kisichezecheze ndani ya sanduku. Nikajua. Chenyewe kilikuwa cha inchi 6. Kisha waya: waya wa sandukuni ni USB-C, tundu la kifaa ni lile la micro-USB la simu za zamani, hauingii hata ukilazimisha. Yaani sanduku la 2021, waya wa 2021, na ndani Paperwhite ya 2018 iliyofutwa vumbi ikavishwa nailoni mpya. Ilibidi nishuke kumwazima askari wa getini chaja ya kabambe yake, simu ya vibonye, ndipo kiwake.

Hata hivyo ningemeza. Ya 2018 bado inasomeka vizuri, mama asingejua tofauti. Kilichonimaliza ni kwamba kilikataa kuingia kwenye akaunti yangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye sanduku na ile iliyo ndani ya mipangilio hazikufanana hata kidogo. Mwenye Kindle akiripoti kwamba imepotea au imeibwa, Amazon huifungia namba hiyo isisajiliwe na mtu mwingine. Na bila usajili hununui kitabu humo. Unabaki kuingiza mafaili yako mwenyewe kwa waya. Ndivyo muuzaji alivyonijibu, bila haya: "Dada, weka PDF, inasoma bila shida." Jaribu basi kusoma PDF ya karatasi ya A4 kwenye inchi 6. Herufi ni kama mayai ya chawa. Na huyo ni mama ambaye shida yake ni macho!

Baada ya hapo simu zangu hazikushikwa tena. Nikatuma ujumbe wa M-Pesa kule 456 pesa irudishwe, lakini utaratibu ule ni wa aliyekosea namba. Mimi nilituma kwa hiari yangu, na muuzaji alikuwa ameshaitoa.

Amazon haina duka Kenya. Vifaa hivi wengi wanavileta kwenye begi la safari au mzigo wa ndege, na "dhamana mwaka mmoja" ni neno la huyo aliyekuuzia, basi. Kwa hiyo nunua kwa mtu mwenye mlango unaoweza kuurudia. Kifungue mbele yake, kiunganishe na intaneti ya simu yako, ingiza akaunti yako mwenyewe, pakua kitabu kimoja hata cha bure. Kikikubali, ndipo utoe pesa. Akikwambia nailoni ikichanwa kifaa kinapoteza thamani, mwachie nailoni yake. Kwa Kindle ya kawaida, isiyo Paperwhite, zima taa ya chumba uone: ya 2016 haina mwanga wake wenyewe, ya 2019 inao, na nimeona ya 2016 ikitangazwa kwa bei ya ya 2019.

Nimeandikisha kituo cha polisi na nina namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Mahakama ya madai madogo iko Milimani, inasikiliza madai hadi Sh1 milioni na unaweza kujisimamia bila wakili, ila lazima ujue unamshtaki nani, na mimi nina lile jina la M-Pesa tu. Kama nawe uliliwa na huyuhuyu, andika hapa chini jina lililotokea kwako tulinganishe.

Utamtambua kwa picha: sanduku jeusi limewekwa juu ya kitambaa cha meza cha maua mekundu, pembeni kuna kikombe cha chai. Hiyo habadilishi. Juzi bei imeshuka, ni Sh16,000.