Safari isiyo na mabango: George Washington Memorial Parkway

Naipima barabara hii, George Washington Memorial Parkway ya jimbo la Virginia, Marekani, kama huduma ya umma, kwa sababu mandhari yake haikujihifadhi yenyewe. Sehemu ya kusini, iliyofunguliwa mwaka 1932, hufuata ukingo wa mto Potomac kutoka Mount Vernon, makazi ya rais wa kwanza wa Marekani, hadi mkabala na mji mkuu, Washington, mwendo wa takriban kilomita 24. Miti hufunika pande zote, kisha hufunguka, na mnara wa Washington huonekana ng'ambo ya maji bila tangazo lolote kuukatiza.

Kinachoilinda ni umiliki wa ardhi. Sheria ya mwaka 1965, iliyopiganiwa na Lady Bird Johnson, mke wa rais wa wakati huo, hudhibiti mabango ya matangazo yaliyo ndani ya mita 200 hivi kutoka ukingo wa barabara kuu, lakini huyaruhusu katika maeneo ya biashara na viwanda, ambayo mijini ndiyo mengi. Hapa ukanda wa kando ni mali ya taifa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, hivyo kampuni ya matangazo haina pa kuchimbia nguzo. Penye ardhi ya mtu binafsi ilipatikana njia nyingine: huko Merrywood, shamba la kifahari kando ya Potomac, serikali ilitwaa haki ya mandhari peke yake, mwenye ardhi akabaki na ardhi yake ila akazuiwa kujenga maghorofa marefu juu ya mto. Naithamini sana njia hiyo, kwani haimhamishi mtu, na haitegemei kibali kinachoweza kutolewa upya kila uongozi unapobadilika.

Udhaifu upo. Ndani ya mji wa Alexandria barabara inakuwa mtaa wenye taa na maduka, na hapo ulinzi unategemea makubaliano ambayo mji huo uliingia na serikali kuu mwaka 1929. Mbele zaidi, minara ya Rosslyn, mtaa wa maghorofa ya ofisi, huchomoza juu ya miti, kwa kuwa mamlaka ya hifadhi yanakoma mpakani mwake.

Anayetaka kuona thamani ya ulinzi huu aelekee kaskazini, kwani maegesho ya Gravelly Point, bustani ya ukingoni mwa mto, hayaingiliki kutoka upande mwingine, ashuke garini na autazame mji kutoka ukingoni mwa mto.